Beseni la Asidi Dhaifu

Mwatumu alishusha vijiti viwili vya makaa ndani ya beseni la kwanza, na taa iliyounganishwa navyo ikawaka ghafla kwa mwanga mweupe wa kuumiza macho. Akavitoa, akavisuuza kwa maji ya magadi na tena kwa maji safi, kisha akavishusha ndani ya beseni la pili. Hapo taa ikajivutavuta, ikawaka rangi ya chungwa, mwanga wa kukuwezesha kuona vidole vyako tu.

"Basi," alisema Lutengano, Msimamizi wa mji, huku akiandika kwenye kibao chake. "Kali inawaka sana, dhaifu inawaka kidogo. Sheria imetimia."

"Imetimia, lakini hii si siki, Bwana Msimamizi."

"Nani kaandika siki? Nisomee."

Hakuwa na cha kumsomea. Mwatumu Shemboza alikuwa mpima wa asidi wa mji wa Elea kwa miaka kumi na tisa, na mwalimu wa watoto wa mji huo kwa miaka hiyohiyo, na sheria ile aliijua kama anavyolijua jina la mama yake. Haikusema siki. Ilisema asidi dhaifu, yaani ile ambayo mwanga wa taa yake haufiki robo ya mwanga wa asidi ya mawingu. Walioiandika walikuwa na siki ya mnazi kichwani, maana enzi hizo asidi dhaifu za Elea zilikuwa siki, ndimu na ukwaju. Haikuwapitia akilini kwamba kuna siku mtu angekaa na sheria yao akaipekua hivi, neno kwa neno, kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele.

Mji wenyewe ulikuwa unaning'inia ndani ya mawingu ya Zuhura, kilomita hamsini na kitu juu ya ardhi ambayo hakuna mwanadamu aliyewahi kuikanyaga. Mawingu hayo ni asidi ya sulfuriki. Mtoto wa Elea alijifunza kuiogopa kabla hajajifunza kutembea, na fundi aliyeacha mwanya kwenye maungio ya ukuta, asidi ikaingia ikadhuru watu, aliitwa mbele ya mji akaoshwa mkono. Ndivyo walivyoiita adhabu hiyo. Aliyefiwa ndiye aliyechagua beseni. Akisema kali, mkono wa fundi ulizamishwa ndani ya asidi ya mawingu kwa hesabu ya sitini, ukatoka umebabuka, na kovu lake halikufutika. Akisema dhaifu, fundi aliosha mkono kwa siki, watu wakapiga vigelegele, wakala wali pamoja na mambo yakaishia hapo. Sharti lilikuwa moja: aliyetoa mkono kabla ya sitini alihamishiwa beseni la kali. Kwa miaka arobaini hakuna aliyefiwa aliyechagua kali. Kuoshwa mkono kulikuwa kumegeuka sherehe ya kusameheana, na watu wa Elea waliipenda kuliko Idi na Krismasi.

Lutengano hakuipenda hata kidogo. Mwaka ule watu kumi na mmoja walikuwa wamekufa kwa mianya ya kizembe.

"Mafundi wangu hawaogopi kitu," alisema. Hakupandisha sauti, Lutengano hakuwa mtu wa kupandisha sauti. "Leo anaua mtu, kesho mkono unanuka siki, keshokutwa anacheza ngoma. Nililiomba Baraza libadilishe sheria, wakanicheka. Sawa. Sijabadilisha hata nukta. Siki imekwisha kwa sababu yule fundi Sekela kaacha mwanya, asidi ikaunguza minazi yote, na mimi nimetafuta asidi dhaifu nyingine ghalani. Kosa langu liko wapi?"

Asidi dhaifu hiyo ilitoka kwenye pipa la bluu la karakana ya lenzi. Ilikuwa hidrofloriki, inayotumika kuchonga vioo, na kwa sababu inakula vioo, beseni la pili safari hii lilikuwa la plastiki. Taa ilikuwa haijasema uongo. Umeme majini hubebwa na chembe zenye chaji. Asidi ya mawingu haina simile: ikikutana na maji inaachia haidrojeni yake mara moja, maji yanajaa chembe, taa inawaka. Hidrofloriki ni bahili. Katika molekuli mia inaachia mbili au tatu, zilizobaki zinakaa zimeshikana, zimetulia, hazina chaji. Kwa kipimo cha taa ni dhaifu kweli, ndugu moja na siki na ndimu.

Lakini ngozi ya mtu si taa. Molekuli isiyo na chaji inapita kwenye ngozi bila kubisha hodi. Ikifika ndani ndipo inapofunguka, na florini yake inakamata kila chembe ya kalisi inayoikuta: ya damu, ya mfupa, ya moyo. Moyo usio na kalisi unasimama. Mwatumu aliyajua hayo yote, na alijua kuwa kwa nguvu aliyoichanganya asubuhi ile kwa amri ya Msimamizi, hesabu ya sitini ilitosha na kusaza.

"Sekela atakufa," alisema.

"Kama atachaguliwa dhaifu. Hilo si juu yangu, ni juu ya mfiwa." Lutengano akayafunika mabeseni yote mawili, akayapiga lakiri. Yalikuwa yamefungwa kwa bolti kwenye meza ya chuma, na funguo alikuwa nazo yeye. "Wakiona dhaifu imeua, hakuna fundi atakayezembea tena Elea. Mtu mmoja, Mwalimu. Kumi na mmoja wamekwisha kwenda. Na wewe uliapa kwamba mpima hasemi kilichomo ndani ya beseni. Unajua anayevunja kiapo hicho anapelekwa wapi."

Alitazama mlango wa nje alipokuwa akisema hivyo. Mwatumu naye akautazama. Alikuwa amewahi kumwona mtu aliyetolewa kwenye mlango ule bila barakoa, akiwa msichana wa miaka tisa, na tangu siku hiyo hakuwahi kukaa karibu na dirisha. Alikuwa mwoga, na alijijua kuwa ni mwoga. Akameza maneno yake akaondoka.

*

Makame alikuja darasani baada ya watoto kutoka. Alikuwa bwana wa makamo, fundi wa mapangaboi, aliyefiwa na mkewe Mwanahawa siku ishirini zilizopita. Mwanahawa ndiye aliyekuwa mtunzaji wa shamba la minazi. Sekela alikuwa amekagua maungio ya shamba hilo akatia sahihi kwamba hayavuji, na kweli karatasi yake ya kupimia haikubadilika rangi. Haikubadilika kwa sababu ilikuwa kavu. Karatasi lazima iloweshwe kwanza ndipo ionyeshe asidi, mtoto wa darasa la tatu anajua, lakini zamu ile maji yalikuwa ya mgao na Sekela akaona atumie hivyohivyo.

"Hodi, Mwalimu."

"Karibu, Bwana Makame. Pole tena."

"Sijapoa." Akakaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakamfika kifuani. "Nimekuja unieleze kuhusu beseni la kali. Wewe ndiye mjuzi. Mimi nimezaliwa hapa na sijawahi kuona mtu akioshwa nalo. Nieleze, usinifiche."

"Kwa nini unataka kujua?"

"Kwa sababu kila mtu ananiambia nisamehe. Dada zangu, imamu, hata mama mkwe wangu aliyemzaa Mwanahawa. Wanasema ndiyo desturi. Mimi sitaki desturi. Mke wangu alikohoa mapafu yake yakatoka vipandevipande, Mwalimu, nikiwa nimemshika. Nataka yule mwanamke aumie. Nieleze kama ataumia."

Moyo wa Mwatumu uliruka kwa furaha. Ni aibu kusema hivyo mbele ya mtu aliyefiwa, lakini ndivyo ulivyoruka. Makame akichagua kali, Sekela angebabuka mkono, angelia, angetolewa na kuoshwa kwa maji ya magadi, ambayo ni besi dhaifu, kinyume cha asidi, na ndiyo salama, maana besi kali ya kutengenezea sabuni ingemla nyama iliyobaki. Angefungwa bendeji miezi miwili. Angeishi. Asidi kali hufanya ubaya wake mlangoni, juu ya ngozi, hadharani. Mwenye mkono anajua na mganga anajua. Kilichotakiwa ni Makame ashikilie chuki yake siku mbili tu, na kuisaidia chuki hiyo hakukuwa kuvunja kiapo chochote. Watu wote walijua kilichomo kwenye beseni la kali.

"Ataumia," alimwambia. "Ataumia kuliko unavyofikiri."

Akamweleza, na alivyoona uso wa Makame unafunguka, akaongeza chumvi. Alimsimulia jinsi ngozi inavyogeuka nyeupe, halafu kahawia, halafu inateleza na kuambuka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Alimsimulia juu ya Mzee Kilindi wa zamani, aliyeoshwa na kali akapiga ukelele uliosikika sitaha zote saba, hata wanawake waliokuwa wakinyonyesha wakakauka maziwa. Hilo la maziwa alilitunga palepale. Alisema vidole hushikana visiachane tena, na kwamba mtu huendelea kuita jina la mama yake hata baada ya kupoteza fahamu.

Makame alisikiliza bila kupepesa. Mwishoni akainuka polepole.

"Ahsante, Mwalimu. Basi ni kali."

Kwa mara ya kwanza tangu ayapime mabeseni yale Mwatumu alipata usingizi wa kushiba. Aliamini kuwa ameokoa mtu, na tena bila kuhatarisha hata ukucha wake. Aliipenda sana hiyo sehemu ya pili.

*

Walikusanyika kwenye shamba lililoungua, kati ya vigogo vyeusi vya minazi, watu mia sita na kitu, wengine na watoto mabegani. Jua lilikuwa limetoka. Elea huzungushwa na upepo kuizunguka Zuhura nzima, mwanga huchukua siku mbili na giza siku mbili, na desturi ilitaka mkono uoshwe mwanzoni mwa mwanga ili karamu iwe ndefu. Wanawake walikwisha kubandika masufuria ya wali wa mbaazi. Hakuna aliyetarajia jambo lolote isipokuwa msamaha.

Sekela aliletwa na dada yake. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka ishirini na sita, mwenye mikono ya kazi, na uso uliokonda kwa siku ishirini za kujilaumu. Alipopita mbele ya Mwatumu akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Ulitufundisha tuloweshe karatasi," alisema Sekela. "Ulitufundisha vizuri kabisa."

Lutengano alivunja lakiri, akamwashiria Mwatumu apime mbele ya watu. Vijiti vikashuka kwenye beseni la kwanza, taa ikawaka nyeupe, watu wakaguna kwa hofu. Kwenye la pili taa ikawaka kwa unyonge, na watoto wakaanza wenyewe kuimba kama alivyokuwa akiwaimbisha darasani kila mwaka: kali usiguse, dhaifu onja, kali usiguse, dhaifu onja! Wakubwa wakaitikia kwa makofi, maana wengi wao walikuwa wanafunzi wake zamani. Wimbo ule aliutunga yeye mwenyewe, mwaka wa kwanza wa kazi, akajiona hodari.

"Makame bin Haji," alisema Lutengano. "Mji unakusikiliza. Beseni lipi?"

Makame alisimama mbele ya meza. Watoto wakaacha kuimba. Mwatumu alimkazia macho, akisema moyoni, sema, sema kali, mwanamume wewe, sema.

"Nilikuja hapa na neno moja," alisema Makame. "Juzi nilikwenda kwa Mwalimu anieleze kuhusu kali. Akanieleza. Nilirudi nyumbani nimefurahi, nikalala, nikaota huo ukelele. Nikaamka, nikaendelea kuusikia. Nimeusikia siku mbili. Mke wangu alikufa akikohoa, na hakulaani mtu. Mimi siwezi kumfanya mtoto wa watu aite jina la mama yake namna hiyo." Akafuta uso kwa kiganja. "Nachagua dhaifu. Nimemsamehe."

Vigelegele vilipasua shamba. Wanawake walikumbatiana, mama mkwe wa Makame akalia kwa sauti akimshukuru Mungu, na Sekela akaanguka miguuni pa Makame akamshika magoti. Makame akamwinua. Mwatumu alitaka kucheka, na hilo lilimtisha kuliko yote: maneno yake mwenyewe, yale aliyoyatia chumvi, ndiyo yaliyomlainisha mtu huyu.

Sekela alikunja mkono wa gauni mpaka kwenye kiwiko, akatabasamu huku machozi yakimtoka, akautia mkono wote ndani ya beseni la plastiki.

"Moja!" walipaza watu. "Mbili! Tatu!"

Mwatumu alisimama hatua mbili kutoka kwenye meza. Aliutazama mlango wa nje, wenye ukanda mwekundu, akautazama tena mkono. Kumi. Kumi na moja. Alijiambia kwamba ishirini ikifika atasema, na ishirini ikafika, na akajiambia thelathini. Alijichukia kwa kila namba. Kuanzia thelathini hakuona tena mlango, aliona mkono tu, na uso wa Sekela ulivyokuwa umetulia. Ilipotamkwa thelathini na sita sauti ikamtoka bila yeye kuiamrisha.

"Toa mkono! Sekela, toa mkono, hiyo ni hidrofloriki! Inaingia mpaka kwenye mfupa!"

Hesabu ilisitasita, ikaendelea kwa sauti za chini. Mwatumu alimrukia akamvuta bega. Sekela alijikaza, alikuwa fundi, na Mwatumu alikuwa mwanamke wa chaki.

"Mwalimu, niache! Nikitoa kabla ya sitini nahamia kule!"

"Heri kule! Kule utapona, mwanangu, hapa utakufa!"

"Amesamehewa!" alipiga kelele dada yake Sekela. "Wewe unataka nini kwetu?"

"Inauma, Sekela?" aliuliza mama mmoja kutoka mstari wa mbele.

"Haiumi hata chembe. Ni maji ya baridi tu."

Watu wakacheka, kicheko cha kupumua baada ya kushtuka. Arobaini na nne. Mwatumu hakuwa na namna nyingine ya kuwafanya waamini, au hakuiona, basi akafanya kosa ambalo mjuzi wa asidi hakupaswa kulifanya: akatia mkono wake mwenyewe ndani ya beseni, kando ya mkono wa Sekela, ili waone. Lakini hakukuwa na cha kuona. Maji yalikuwa ya baridi. Yalimwasha kidogo kwenye ukucha uliokuwa umekatika, basi. Alisimama pale na mkono wake ndani, mdomo wazi, na mji mzima ukimtazama uso kutafuta maumivu ambayo hayakuwepo.

"Mwalimu naye anaosha pamoja na mwanafunzi wake," alisema Lutengano kwa upole. "Mpigieni vigelegele."

Wakampigia. Aliutoa mkono kwenye hamsini na saba, akilia. Wa Sekela ulitoka kwenye sitini, msafi, mzima, na akauinua juu watu wote wauone.

*

"Nimevunja kiapo," Mwatumu alimwambia Lutengano, watu walipokuwa wakisogea kwenye masufuria. "Nitoe nje basi."

"Umekivunja kwa nani? Hakuna aliyekuamini." Alikuwa akitia funguo zake mfukoni. "Nenda kapumzike. Kesho watakuamini, na hapo nitakuhitaji uwafundishe upya."

Alikimbilia kwa Daktari Ngonyani, ambaye hakuwa na haja ya kufafanuliwa. Daktari alifungua kabati akatoa mrija mmoja wa dawa ya kalisi. Kalisi ya Elea yote ilikuwa ikienda kwenye chokaa ya kuchujia hewa, na mrija huo ulikuwa wa mwisho. Alimwambia dawa ile inatakiwa isuguliwe mkononi mapema, na tena na tena, ili florini ikamate kalisi ya dawa badala ya ile ya mwili.

"Inatosha mkono mmoja," alisema Daktari. "Ukiigawa nusu kwa nusu haitamfaa yeyote. Wa kwako umekaa hesabu kumi na tatu, utateseka lakini huenda ukapona. Wa kwake umekaa sitini. Mpelekee yeye, na usisimame njiani."

Mwatumu hakusimama njiani. Alimkuta Sekela ameketi mkekani kati ya dada yake na Makame, sinia mbele yao, akila kwa mkono uleule. Alipiga magoti, akautoa mrija, akamsihi akubali kupakwa. Kicheko cha mkekani kikakatika. Dawa ya kalisi ilikuwa dawa ya majeruhi. Kumpaka mtu aliyeoshwa na dhaifu ilikuwa sawa na kutangaza kuwa msamaha wake ulikuwa na sumu.

"Mwalimu," alisema Makame, na uso wake ulikuwa umeumia kweli. "Unanitukana mbele za watu? Nimesamehe kwa moyo mmoja. Ni kitu kigumu kuliko vyote nilivyowahi kufanya."

"Simaanishi hivyo, Bwana Makame. Nakuomba, mwache nimpake, halafu unitukane utakavyo."

"Mimi siumwi," alisema Sekela taratibu. Alionekana kumwonea huruma mwalimu wake. "Kama ingekuwa mbaya ningesikia. Kali tunaisikia, si ndiyo?"

Makame aliuchukua mrija kutoka mkononi mwa Mwatumu, akaufunga kizibo, akamrudishia. Akamsindikiza mpaka kwenye ngazi kwa adabu zote, akimshika kiwiko kama mgonjwa.

Maumivu yalimwanza Mwatumu chumbani baada ya saa tatu. Yalianzia chini ya ukucha uliokatika, yakatembea kwenye mfupa, kutoka ndani kuja nje, msumari kwa msumari. Ngozi juu yake ilikuwa haina hata alama. Mrija aliuweka mezani, akakaa mbali nao. Ni wa Sekela, alijiambia, ikianza kumuuma atakuja. Akauma khanga. Akatembea ukuta hadi ukuta. Akahesabu moja mpaka sitini na kuanza tena, mara nyingi sana, jua likiwa palepale dirishani. Kisha akasema moyoni, tone moja tu, lisilopunguza kitu. Akapaka tone moja. Nafuu aliyoipata ilimtoa machozi, na baada ya hapo hakukuwa na mtu mwingine duniani wala mbinguni isipokuwa yeye na mkono wake. Alisugua, akakamua, akasugua. Alipopata fahamu ya kuangalia, mrija ulikuwa bapa kama utepe.

Hapo ndipo mlango ulipogongwa kwa teke.

Alikuwa Makame, amembeba Sekela mikononi. Vidole vya Sekela vilikuwa vimegeuka kijivu, na midomo yake ilitetemeka bila kukoma. Mshipa wa shingoni ulikuwa unaruka, unasita, unaruka tena. Hakuwa na nguvu ya kupiga ukelele.

"Ile dawa, Mwalimu," alisema Makame. "Haraka. Nisamehe, nilikuwa mjinga, ile dawa."

Makame aliona mrija mezani, akauona na mkono wa Mwatumu uliokuwa mweupe kwa dawa mpaka kwenye kifundo. Alielewa yote mara moja. Alimlaza Sekela kitandani kwa uangalifu, akasimama katikati ya chumba, mikono ikining'inia. Hakumpiga. Mwatumu alitamani ampige.

"Siku ile nilipokuja darasani," alisema Makame mwishowe, "ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Kwa hiyo ningemchukia siku mbili zaidi..." Akamtazama Sekela. "Ningekataa kumsamehe, angeishi?"

"Angeishi."

Sekela alifumbua macho. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akauliza kwa sauti iliyosikika kwa shida, Mwalimu anasemaje.

Makame alikaa kitandani, akaushika mkono wa Sekela ule mzima.

"Anasema utapona," alimwambia.